Ngiri Alivyotaka Kukaushwa Kama Vanila

Niko mlangoni!
*Ingia na lako.*
Nina la kweli na la kutia chumvi.
*Changanya, tutapepeta wenyewe.*

Basi tulieni. Haya sikusimuliwa na mtu. Niliyaona kwa macho yangu haya mawili, nimekaa juu ya mfenesi, miguu inaning'inia. Shule niliiacha darasa la nne, lakini macho sikuyaacha huko.

Palikuwa na Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mrija, na mkewe, Bi Kidawa. Walikuwa na mvanila mmoja, umetambaa juu ya mti wa mbono. Ua la vanila, wenzangu, lina maringo! Hufunguka asubuhi moja tu. Jua likipanda, limenyauka. Na lisiposaidiwa kwa mkono, halizai. Basi kila alfajiri Bi Kidawa alishika mwiba. Ua hili, chomo, taratibu, vumbi la dume liliguse jike. Ua lile, chomo, taratibu. Mwezi mzima. Matunda yakashika, marefu, mabichi, kama maharage.

Mwezi wa nane homa ikamwangusha. Chakula hakipiti.

"Mume wangu," akasema, "sitaki uji, sitaki mchuzi. Nataka kuisikia harufu ya vanila yangu tu."

Na vanila ikiwa mtini hainukii hata kidogo! Sange akachuma tunda moja lililoanza umanjano nchani. Akalitia maji moto, ya kuunguza kidole, si ya kuivisha yai. Akalivingirisha kwenye blanketi alilojifunika mkewe, litoke jasho. Blanketi lenyewe lilikuwa hilo hilo moja, nyumba nzima. Mchana analianika tunda juani, jioni analirudisha blanketini.

Siku ya tatu, chakaru, chakaru, chakaru! Ngiri huyo, meno nje.

"We Sange! Matunda haya ya nani?"
"Ya kwako, Bwana Mkubwa."
"Na yale?"
"Ya kwako, Bwana Mkubwa."

Ng'wafu, ng'wafu, ng'wafu! Akayala yote, mabichi, na majani yake. Kisha akatema mate.

"Mbona hayanukii? Kunguru kaniambia umeficha jingine ndani. Lete hilo!"

Sange akacheka, hihihi, akisogea kuziba mlango. "Lile moja la nini, Bwana Mkubwa, na wewe una mia tumboni? Hayajatengenezwa tu. Tunda hutiwa maji moto, likavingirishwa blanketi, likaanikwa. Sasa yamo ndani yako. Wa kutiwa maji moto ni nani?"

Ngiri akafikiri mpaka masikio yakasimama. "Ni mimi!"

"Akili hiyo!"

Likatengwa sufuria la arusi. Ngiri akaingia, matako kwanza. Chubwi!

"Yanaunguza, we!"
"Ndiyo harufu inafunguka. Niongeze kuni?"
"Ongeza!"
"Niongeze tena?"
"Ongeza!"

Manyoya yakamtoka, pukupuku, pukupuku. Ndiyo maana mpaka leo ngiri ana manyoya ya kuhesabu. Akatoka mwekundu, anahema.

"Sasa nivingirishe. Blanketi liko wapi?"

Hilo Sange hakuwa amelifikiria.

"Gunia je, Bwana Mkubwa? Gunia lina joto..."
"Blanketi! Umesema blanketi! Au nikalitafute ndani mwenyewe?"

Bi Kidawa alikuwa amesikia yote. Akajifunua, anatetemeka. "Mpe, baba. Tunda nitalishika mkononi."

Sange akamvingirisha Ngiri, akamfunga kamba, kaza, kaza, akamlaza juani juu ya jiwe. "Utulie hapo miezi mitatu, Bwana Mkubwa." Hata adhuhuri hakufika. Akakata kamba kwa meno, mkia juu, blanketi mgongoni, tifu, tifu, tifu, akapotelea bondeni. Hakurudi tena. Wala blanketi halikurudi.

Jioni ikashuka mvua, na ile baridi ya milimani. Sange akamfunika mkewe majani ya mgomba. Akamfunika gunia. Mwisho akamfunika kwa mwili wake mwenyewe. Na mwili wa sange, jamani, unafunika nini?

Asubuhi yake tunda likaanza kunukia mkononi mwa Bi Kidawa. Akalisogeza puani. "Ndiyo hii," akasema. Akatabasamu, akafa.

Sange akamzika chini ya mbono ule. Mwaka uliofuata maua yalifunguka, mengi. Hakushika mwiba. Alikaa tu akiyatazama yananyauka, asubuhi moja, asubuhi nyingine.

Nimefika, natua mzigo.
*Tumeupokea.*

Fundisho lake, mkawaambie na wa nyumbani: mjanja hapati hasara, na Ngiri ndiye aliyeungua.

Anayebisha aje. Mimi nilikuwepo, juu ya mfenesi, na yote ni kweli tupu. Isipokuwa moja, hilo nimelitia mwenyewe: harufu. Tunda lilianza kunukia wiki ya tatu baada ya maziko, na wa kuisikia alikuwa Sange peke yake.