Ua Lililokosa Jina

Sogeeni. Nina kesi ya ua moja na watu watatu, na mimi mwenyewe imenishinda.

Huko Lushoto, Hidaya alijua kuyapaka maua ya Usambara chavua, ule unga unaolifanya ua litoe mbegu, kwa njiti ya kiberiti. Shemeji yake, Shechambo, alijua kuotesha mbegu zake, ambazo ni laini kama vumbi. Ukipiga chafya umezipoteza. Jirani yao, Bi Nakijwa, alijua kufufua miche ambayo wengine wameikatia tamaa.

Hidaya alikuwa na ua la zambarau aliloachiwa na marehemu mama yake, Mwantumu. Alilipaka chavua ya ua jeupe, na alikoitoa hakumwambia mtu. Kifuko cha mbegu kilipotokeza alikifunga uzi mwekundu, kwa fundo lake mwenyewe, maana hakumwamini yeyote.

Akaenda Tanga kumuuguza dada yake. Aliporudi baada ya miezi miwili, kifuko hakipo, na uzi umefungwa kwenye kikonyo kitupu kwa fundo la mtu mwingine. Shechambo alikiri. Kifuko kilikauka, alisema, kingepasuka na mbegu zikapeperuka. Ndipo akazinyunyiza juu ya mboji bila kuzifukia, akazifunika nailoni.

"Kama nia yako ilikuwa safi, shemeji, mbona ulifunga uzi upya?"

Shechambo akaendelea kumwagilia.

Miche ikastawi, isipokuwa mmoja uliodumaa, ambao Shechambo aliutupa jalalani. Bi Nakijwa akauokota, akaulea mwaka mzima. Ukachanua zambarau yenye ukingo mweupe, ua ambalo Lushoto haikuwahi kuliona. Hidaya akajiuliza mtu mzima alikuwa anachakura nini kwenye jalala la jirani.

Yakaja maonyesho ya maua. Fomu ilikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu kama mwenye ua, na huyo ndiye angelichagulia jina. Hidaya alitaka liitwe Mwantumu. Alilitaka hilo mpaka machozi yakamlengalenga, na mbele ya mwamuzi akawaita wenzake wezi.

Bi Nakijwa hakupandisha sauti. "Mimi niliokota kilichotupwa. Lakini ua jeupe hapa mtaani ni langu peke yangu, na huwa liko dirishani kwangu. Wewe chavua uliitoa wapi, mwanangu?"

Hidaya akainamisha kichwa. Shechambo naye akamtazama, kwa mara ya kwanza tangu habari ya uzi.

Mwamuzi bado ameshika kalamu, na fomu iko wazi. Haya, ninyi mliosikia yote: mngeandika jina la nani?