Mto wa Hariri Katika Banda la Bata

Hapo zamani, katika mji wa Tumbirini, palikuwa na Sultani jina lake Tajdini, mtu mwenye kilemba kikubwa na subira ndogo. Siku moja barazani, bibi kizee aitwaye Bi Mashavu akamuuliza, "Bwana, kile kisima ulichotuahidi kitachimbwa lini?" Sultani akaona haya mbele za watu, na haya ya mkubwa haikai kifuani mwake, sharti imwangukie mtu. Basi ikapigwa mbiu kwamba yeyote atakayeuliza swali lolote atatiwa katika banda la bata la jumbani, akae humo mpaka Bwana apende. "Hata mimi," akaapa Sultani, maana alipenda sana kuitwa mwadilifu. Bi Mashavu akawa wa kwanza kuingia.

Ikawa tabu tupu. Watu wa Tumbirini ni watu wa kujuliana hali, na kujuliana hali ni kuulizana, hivyo salamu ya asubuhi tu ilitosha kumpeleka mtu bandani. Wakawa wakikutana njiani wanabahatisha. "Wewe hujambo, nyumbani hawajambo, na mbuzi wako naona keshapona."

"Mbuzi alikufa."

"Basi amekufa, alhamdulillahi."

Mganga naye akamfunga goti mtu aliyeumwa jino. Jikoni kwa Sultani hakuna aliyethubutu kuuliza kama chumvi imekwisha tiwa, basi kila aliyepita akatia yake. Sultani alikula pilau ile, akanywa maji mtungi mzima, wala hakuweza kumuuliza mpishi.

Alikuwako katika mji huo Faki, fukara wa kutupwa, ambaye kazi yake ilikuwa kufagia ua wa jumba kwa ujira wa makombo. Watu walimwita punguani, naye hakuwapinga, kwa kuwa punguani hatumwi mbali. Duniani hakuwa na mtu ila dada yake Mwanaidi, mjane muuza vitumbua. Sultani akamwona Mwanaidi akicheka sokoni, na jioni ile ile wakaja matarishi, wajumbe wake, mlangoni. "Ijumaa Bwana anakuoa," wakasema, wakaenda zao.

Mwanaidi alilia. "Kaka, mtu yule simtaki. Ningeulizwa, ningesema."

Faki moyo ulimuuma sana, kwani machozi ya dada yake hakuyaweza. Akafikiri, kisha akainuka kutafuta ufagio wake. "Basi dada yangu, tutapata wa kukuuliza," akasema. "Lakini kwanza nikasafishe banda."

Ijumaa ilipofika jumba likapambwa, ubani ukafukizwa, wageni wakaketi. Kadhi akaanza, akakohoa, akakwama. "Bwana," akasema, "mwanamwali kimya chake ni ridhaa. Huyu ni mjane, na mjane sharti atamke kwa kinywa chake. Na ili atamke, yapasa..." Akatazama upande wa banda.

"Bwana, nadhani akingojewa atatamka mwenyewe," akasema waziri.

Basi wakangoja. Baada ya kitambo, Mwanaidi akatamka nyuma ya pazia kwamba joto ni kali. Kadhi akasema hilo halitoshi ndoa.

Hapo ndipo Faki alipopita mbele ya baraza na ufagio. Akapita tena na mkeka mpya. Akarudi akapita na birika la kahawa, na kutoka bandani wakamsikia akiwaambia bata kwa upole, "Sogeeni, sogeeni, mkubwa anakuja." Wageni wote walimtazama, na swali lilikuwa limewajaa vinywani wasiweze kulitema. Waziri aliuma kidole. Sultani alijigeuza kitini huku, akajigeuza kule, akajikaza kiume, na pengine angeshinda, lau Faki hakutokea mara ya nne akiwa amekumbatia mto wa hariri wa kitanda cha Sultani mwenyewe.

"Ewe Faki," akasema Sultani, "mto wangu waupeleka wapi?"

Wageni wote wakageuka kulitazama banda.

Faki akainama mpaka chini. "Bandani, Bwana wangu. Nilijua utauulizia, nami sikupenda ulale chini."

Mkuu wa askari akamtazama Sultani, kisha akaona heri azitazame funguo zake. Kutoka bandani ikaja sauti ya Bi Mashavu. "Mpisheni Bwana, kuna nafasi hapa kando yangu."

Sultani akaitazama sheria yake aliyoiapia mwenyewe, akawatazama na bata. "Mbiu ile imefutwa," akasema kwa sauti ndogo.

"Rudia, Bwana," akasema Faki. "Walio bandani hawakusikia."

Akarudia. Mlango ukafunguliwa, watu wakatoka na manyoya vichwani, wakiulizana habari za tangu walipofungwa, wote kwa pamoja. Faki hakuwajali. Alikuwa amemkazia kadhi macho.

Kadhi akageukia pazia. "Mwanaidi, umeridhia kuolewa na Sultani Tajdini?"

"Sikuridhia," akasema Mwanaidi. "Lakini nashukuru kuulizwa."

Faki akaukumbatia mto kwa furaha. Watu wakamtazama Sultani kwa hofu. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka kilemba kikaenda upande. "Faki," akasema, "umenifunga bila kunitia ndani. Mto huo chukua, ni wako, na makombo usile tena. Tangu leo utakula sinia moja nami, na chumvi uionje wewe kwanza."

Alikuwa angali akijipangusa machozi, Bi Mashavu alipofika mbele yake, akaondoa unyoya katika kanga yake, akamwamkia kwa adabu. "Basi Bwana, kile kisima kitachimbwa lini?"

Sultani akalitazama banda, akamtazama bibi kizee. "Kesho," akasema.

"Asubuhi au jioni?" akauliza Faki.

Kikachimbwa asubuhi. Na Mwanaidi ndiye aliyelalia ule mto wa hariri, nami hadithi yangu nailaza papo hapo.