Kigae Kilichomo Mgongoni mwa Koa

Hapo kale, katika milima ya Upare, hapakuwa na kiangazi. Ukungu ulishuka kila alasiri, ukalowesha miti, mawe na majani yaliyoanguka, na kulipokucha ardhi ilikuwa bado mbichi. Kwa hiyo konokono wa wakati huo hawakuwa na magamba. Wote walitembea wazi, laini na wenye kung'aa, kama koa tunayemwona leo kwenye mboga. Ilikuwa vigumu kumtofautisha mmoja na mwingine, na wao wenyewe mara nyingi walisalimiana kwa majina yasiyo yao.

Kisha ukaja mwaka ambao ukungu haukushuka. Jua likaingia msituni mahali ambapo halikuwahi kufika, na majani makavu yakaanza kuvunjikavunjika chini ya kwato za wanyama. Ndege walihamia bonde jingine. Konokono hawakuweza kwenda mbali. Miili yao ni maji karibu yote, na kila walipopita juani waliacha sehemu ya miili hiyo njiani. Wadogo zaidi walianza kukauka wangali wakitembea.

Kando ya msitu aliishi mfinyanzi aitwaye Nakiete. Aliviumba vyungu vyake kwa namna ya wanawake wa kwao: aliviringa udongo kuwa kamba ndefu, akaipandisha kamba juu ya kamba mpaka chungu kikakamilika. Chungu chenyewe hakikuzunguka. Yeye ndiye aliyekizunguka, ameinama, akirudi kinyumenyume. Konokono walikuwa wamemtazama mara nyingi kutoka ukingoni mwa majani, na walijua kwamba maji yaliyomo chunguni, kivulini, hayakauki upesi. Basi wakaenda kwake, wakamwomba amfinyangie kila mmoja wao chungu cha kukaa ndani.

"Udongo ninao, tenga zima," Nakiete aliwaambia. "Lakini ni mkavu kama jivu, na kisima hakina kitu. Nitaukanda kwa nini, wanangu? Kwa mate?"

Ndipo mmoja wao, mnene na mzito wa mwendo, akasogea mbele na kupanda juu ya udongo. Huyo ndiye Koa. Alipopita, udongo ulilowa na kung'aa. Nakiete akaumega kidogo, akaufinya kati ya vidole. Haukupasuka.

"Wewe una ute mwingi," akasema.

"Ninao. Kanda, mama."

Kazi ikaanza. Koa alipita juu ya udongo akienda na kurudi, na Nakiete akakanda, akaviringa, akazunguka. Mkubwa wao alipata chungu kipana, na kwa kuwa vidole vya mfinyanzi vilikuwa na udongo mwekundu, michirizi ikabaki ubavuni. Mmoja aliyependa kulala chini ya magome ya miti aliomba kitu bapa, akapata gamba kama kifungo. Mwingine alipata gamba refu, jembamba, lenye ncha kama msumari. Mmoja hakuwa na subira ya kungoja gamba lake likauke. Alijibiringisha kwenye majani, nyuzinyuzi zikamganda, na mpaka leo gamba lake lina vinywele.

Akaja mdogo mweupe, si mkubwa kuliko punje ya mchele. Huyu alijulikana kwa tabia ya kuwala wenzake.

"Niwekee meno mlangoni," akasema.

"Meno ya nini?"

"Nina maadui wengi."

"Maadui gani, na wewe ndiye unayewala wenzio?"

"Ndiyo maana najua yanayoweza kumpata mtu."

Nakiete akacheka, akambandikia meno. Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakarudi nyuma kidogo.

Jua lilipopanda, Nanzia, dada wa mume wa Nakiete, alipita na mzigo wa kuni. Akasimama.

"Wifi! Mimi napikia chungu chenye ufa, wewe unawajengea konokono nyumba?"

"Chako kitafuata, wifi. Wewe hujakauka."

"Nani kakwambia? Tangu jana sijanywa maji ya maana, nawe unafinyanga kwa makamasi!"

Wakacheka wote wawili. Lakini Nakiete alipoinama tena, alikuwa amesahau alikuwa akizungukia upande gani, akaendelea kwa upande wa pili. Alikuja kutambua baada ya magamba machache, akarudia mwendo wake wa kawaida. Yale machache hakuyavunja, maana udongo haukuwa wa kuchezea.

Koa alikuwa akipungua. Unene wake ulikuwa umekwisha, na mgongo wake ulianza kuingia mikunjo. Yule mwenye michirizi, aliyekwisha kukaa ndani ya chungu chake, alitoa kichwa.

"Mama, mfinyangie Koa sasa. Amechoka."

"Anayekanda hungoja," Nakiete akajibu. "Hata mimi jikoni najipakulia mwisho."

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo alivyolelewa. Mwanamke aliyepika aliwapakulia wageni, kisha watoto, kisha yeye, na chini ya chungu siku zote palibaki ukoko. Hakufikiri kwamba tenga la udongo haliachi ukoko.

Wa mwisho kwenye foleni, kabla ya zamu ya Koa, alipata gamba dogo mno. Aliweza kuliweka mgongoni, lakini kuingia ndani hakuweza. Akashukuru, akaenda hivyo hivyo. Nakiete akatia mkono ndani ya tenga ili amfinyangie Koa, na vidole vyake vikagusa ukindu mtupu.

Akachukua jembe, akakimbia mpaka shimo la udongo. Ardhi ilikuwa imekuwa jiwe, na jembe likarudi limepinda. Alipofika nyumbani alimkuta Koa pale pale alipomwacha.

"Mama," Koa akauliza, "udongo umebaki?"

Nakiete akakwangua viganja vyake. Akachokoa chini ya kucha, akakung'uta ubao wa kufinyangia. Alichopata kilikuwa kigae kimoja chembamba, chenye ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Akakiweka mgongoni mwa Koa. Kwa kuwa kilikuwa chembamba sana na jua lingekipasua, Koa akaivuta ngozi yake, akakifunika.

"Nilikosea, mwanangu," Nakiete akasema. "Ulistahili kuwa wa kwanza."

Nyuma ya nyumba palikuwa na lundo la vigae vya vyungu vilivyovunjika. Chini kabisa, kivulini, ardhi ilikuwa bado na ubaridi kidogo. Nakiete akamwingiza Koa humo, akarudishia vigae kimoja kimoja, na akakataza mtu yeyote asivipangue. Konokono wengine wakaenda zao, wakaingia ndani ya magamba, wakaziba milango yao kwa utando mkavu wa ute. Kiangazi kikawa kirefu kuliko mtu yeyote alivyodhani. Kila alipopita nyuma ya nyumba Nakiete alitamani kufunua, lakini aliogopa kuingiza jua.

Siku ukungu uliposhuka tena, milango ya magamba ilifunguka msituni kote. Nakiete alisimama mbele ya lundo lake, asiweze kunyoosha mkono. Nanzia ndiye aliyeinama, akainua kigae cha chini kabisa, akachungulia. Kisha akasema polepole:

"Wifi, njoo. Mgeni wako ametoa pembe, ananitazama."

Na tangu siku hiyo konokono hubeba nyumba zao, na koa hutembea wazi. Ukiokota gamba tupu, lishike ncha ikiwa juu na mlango ukikutazama. Mara nyingi mlango utakuwa upande wako wa kulia, kwa sababu ndivyo Nakiete alivyozunguka. Ukiona mlango uko kushoto, hilo ni mojawapo ya yale aliyoyafinyanga baada ya Nanzia kupita na kumchekesha. Tazama kama lina michirizi, vinywele au meno, na utajua ni la nani. Hakuna haja ya kumtoa mwenyewe ndani ili umjue.

Koa ana ute mzito kuliko wote mpaka leo, na njia yake hung'aa asubuhi kama udongo uliokandwa. Mpitishie kidole mgongoni, taratibu, karibu na kichwa. Kwa wengi wao wa milima hii utahisi kitu kigumu kidogo chini ya ngozi. Hicho ndicho kigae chake.

Amelala chini ya gogo, au jiwe, au chungu kilichovunjika. Inua, mtazame mpaka utosheke, kisha rudishia kifuniko chake kama ulivyokikuta, polepole, jua lisiingie.