Taa za Kijani na Majaruba ya Bi Nyamizi

Hapo zamani za juzijuzi, mpunga ulipoanza kunyweshwa na kompyuta, walikuwapo mafundi watatu hodari wa kompyuta: Tunu, Kapinga na Shemweta. Uhodari wao waliusimulia wenyewe, nami ni nani niwabishie?

Waliandika programu ya kufungua lango la mfereji unaopeleka maji kwenye majaruba ya mpunga ya mkulima Bi Nyamizi jua likiwaka, na kulifunga mvua ikinyesha. Kisha wakaandika majaribio, yaani vijiprogramu vya kuichunguza programu yenyewe. Ikiwa sawa, taa ya kijani kwenye kioo cha kompyuta. Ikikosea, nyekundu.

Jaribio la Tunu liliiuliza programu, "Mvua ikinyesha, utafanyaje?" Programu ikajibu, "Nitafungua." Tunu akalichukua jibu hilohilo, akaliweka kuwa ndilo sahihi. Kijani! Mwanafunzi kajisahihishia mtihani, kapata zote.

Jaribio la Kapinga lilidai kweli kwamba mvua ikinyesha lango lifungwe. Ila badala ya kubuni mvua ya mfano, lilikwenda kuulizia hali ya hewa mtandaoni. Programu ikikosea, nyekundu. Mtandao ukikatika, nyekundu vilevile. Ukimuuliza Kapinga, anakwambia, "Aa, hilo lina maringo yake, liache."

Shemweta ndiye mkaguzi. Kazi yake kusoma majaribio ya wenzake. Naye akasoma, akasoma rangi. Siku ya uzinduzi jaribio la Kapinga likawaka jekundu. "Wageni wako njiani, nalo linatutia aibu!" Akalizima. Kioo kizima kijani, makofi, soda.

Mvua ikanyesha. Lango likafunguka kwa adabu zote. Kesho yake miche ya Bi Nyamizi, ndiyo wali wa wajukuu wake, ilikuwa ikielea.

Akawafuata, kanga kafunga kiunoni. "Wanangu, hongereni kwa kijani. Sasa mmoja wenu ataingia matopeni, ainame mpaka majaruba yote yapandwe upya. Nani?"

"Si mimi, mama," alisema Tunu. "Jaribio langu halikumsumbua mtu, na mkaguzi alilipitisha."

"Wala halikumsaidia mtu!" Kapinga akamcheka. "Langu ndilo pekee lililosema kweli, likazibwa mdomo."

"Kweli?" Shemweta akafoka. "Lilipiga kelele za bure kila mtandao ulipokatika! Wewe mwenyewe ulisema liachwe. Mimi mkaguzi, bwana, si mganga."

Bi Nyamizi akawanyooshea fungu la miche aliyoazima kwa jirani. Kila mmoja akawa anatazama viatu vya mwenzake.

Haya, nyinyi mnaojua kila kitu, miche inanyauka mkononi mwa mama wa watu: je, nani alistahili kuvua viatu?