Shuka la Saini

Tulieni, jamani, na aliye karibu na redio aizime. Hadithi hii haina vicheko vingi, na nikimaliza nitataka neno kutoka kwenu.

Katika mji mmoja wa bara waliishi marafiki watatu waliokulia mtaa mmoja na kupenda jambo moja. Kila chama cha siasa kilipofanya sherehe na kuleta wanamuziki, wachezaji wa mpira na wachekeshaji jukwaani, wao walikuwepo. Rangi ya bendera haikuwahusu, walifuata saini. Walikuwa na shuka jeupe la kitandani, na kila mtu maarufu waliyemfikia aliandika jina lake juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Miaka ikapita, majina yakafika kwenye pindo.

Sikudhani alikuwa na macho. Alifanya kazi studio ya picha, na uso aliouona mara moja haukumpotea tena, hata uvae miwani myeusi, hata uzeeke.

Tuntufye alikuwa na ulimi. Alinadi nguo za mitumba gulioni, na mtu aliyekuja kununua ndizi aliondoka na koti asilojua atalivaa wapi.

Ndalahwa alikuwa na mgongo. Alibeba magunia stesheni. Penye msongamano alitangulia yeye, wenzake wakapita nyuma yake kama wanaopita barabarani. Hakuwa msemaji. Mkewe, Nyamizi, alikuwa na mimba ya mtoto wao wa kwanza.

Shukani lilikosekana jina moja tu walilolitamani kuliko yote: Bi Ramla Chande, mwimbaji wa taarabu aliyeimba katika harusi za mama zao. Watu walisema hamwandikii mtu yeyote, na asiyeamini aende akajaribu.

Basi mwaka huo chama kilichoshinda uchaguzi kikaita watu uwanja wa mpira. Ngoma zikapigwa, wasanii wakapanda na kushuka, uwanja ukajaa mpaka juu ya kuta. Kila mtu alitazama jukwaa. Sikudhani peke yake ndiye aliyemwona mwanamke mzee aliyejifunika kanga iliyopauka, akiongozwa kando ya ukuta kuelekea lango la nyuma.

"Yule ni Bi Ramla," alisema.

"Yule bibi?" Tuntufye akashangaa. "Si wametangaza ataimba mwisho?"

"Haimbi. Anaondoka. Mtazame shingo yake, ni ile ile ya kwenye picha."

Ndalahwa aliingiza bega katikati ya watu, akawapasulia njia kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine, wakamkuta Bi Ramla langoni akisubiri gari lisogezwe. Lango lenyewe lilikuwa jembamba, na walinzi walikuwa wamefungua ubao mmoja tu.

"Shikamoo, mama yetu," alisema Tuntufye.

"Marahaba. Lakini siandiki, mwanangu. Nilisaini mara moja ujanani, nyimbo zangu zote zikawa mali ya watu."

"Basi sisi usituandikie, mama. Huyu bwana anangoja mtoto. Huyo mtoto akikua atasikia sauti yako na kuuliza ni nani huyu. Mwandikie yeye, ili tusije kumjibu kwa kubahatisha."

Bi Ramla alicheka mpaka akashika kifua. "Wewe una ulimi! Haya, nitaandikia wapi?"

Ndalahwa akainama. Wakalitandaza shuka mgongoni pake, na bibi akaandika taratibu, herufi moja baada ya nyingine.

"Nakutekenya, baba?"

"Andika tu, mama."

Alipomaliza, furaha ikampanda Tuntufye, sauti ya mnadani ikamtoka bila kufikiri: "Bi Ramla huyu hapa! Ametuandikia kwa mkono wake!"

Watu wakageuka. Wa karibu walikuja kumwona Bi Ramla. Waliokuwa nyuma yao walikuja kwa sababu wa mbele walikuwa wanakimbia. Sikudhani aliziona nyuso zikija, kisha akaziona zikibadilika, pale walipotambua kwamba hawawezi tena kusimama.

Ndalahwa alimsukumia Bi Ramla ndani ya gari. Kando ya ukuta palikuwa na lori la jenereta. Alimnyanyua Sikudhani akampandisha juu, akamnyanyua Tuntufye, huku ameupa umati mgongo na kuuzuia. Sikudhani akalala kifudifudi, akanyoosha mkono.

"Nipe mkono, Ndalahwa! Mkono!"

Ndalahwa akampa shuka.

Sikudhani akalipokea. Akalivuta juu, akaliweka pembeni, akanyoosha mkono tena. Chini yake palikuwa na vichwa vya watu wengine.

Redio ilitangaza kwamba sherehe zilifana sana, na kwamba watu wachache walizirai kwa jua. Ndalahwa alizikwa. Hakuzikwa peke yake wiki ile.

Siku ya arobaini, majirani walipokwisha kula, Tuntufye alilikunjua shuka juu ya mkeka nyumbani kwa Nyamizi, akasema kuna jambo la kuamua.

"Katibu wa chama amenifuata," alisema. "Wanataka kulitundika ukumbini kwao, ndani ya kioo. Nimembembeleza mpaka amekubali liandikwe chini yake: Ndalahwa alifia langoni. Hakuna mahali pengine watakapokiri hivyo. Nusu ya majina haya niliyapata kwa mdomo wangu, shemeji. Niachieni nilifanyie hili."

"Wale wale?" Sikudhani alisema. "Wale wale waliofungua ubao mmoja? Hapana. Mimi ndiye niliyemwona yule bibi, bila macho yangu tungerudi mikono mitupu. Na kitu cha mwisho alichokishika Ndalahwa alinikabidhi mimi. Nitalitunza kabatini kwangu, wala halitauzwa wala kuonyeshwa."

Nyamizi alikuwa ameegemea ukuta, miguu imemvimba. Alimgeukia Sikudhani.

"Wifi, ulilishika kwa mkono mmoja au miwili?"

Sikudhani alitaka kusema mmoja. Alikikumbuka kifua chake juu ya bati la lori, na uzito wa kitambaa.

"Miwili," alisema.

"Aa." Nyamizi aliuvuta upindo mmoja wa shuka mpaka mapajani. "Shemeji aliita watu, wewe ulipokea kitambaa, na mume wangu alitoa mgongo. Siwalaumu, mlikuwa mnampenda. Lakini nipeni. Nitalichemsha kwa sabuni na dawa ya madoa, nilifue mpaka liwe shuka tu, nimbebee mtoto."

"Bi Ramla alimwandikia mtoto huyo huyo!" Tuntufye alipaza sauti. "Utamfutia?"

"Akiuliza, nitamwambia baba yake alikuwa nani. Hao wengine atawasikia redioni."

Majirani waliombwa waamue. Mmoja alitazama mlango, mwingine akakumbuka amebandika chungu jikoni. Tuntufye alikuwa ameshika pembe moja, Sikudhani ameshika nyingine, na Nyamizi hakuuachia upindo wake.

Sasa ni zamu yenu. Macho yalimwona, ulimi ukamlainisha, mgongo ukabeba yote, na kwa njia hiyo hiyo mtu alikufa. Wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, ungeketi kwenye mkeka ule, watatu hao wakikutazama, ungemkabidhi nani shuka? Na wale wawili utakaowanyima, ungewaambia nini?