Mto Uliohamia Uani

Wewe unayecheka hapo mbele, maji uliyooga leo yametoka wapi? Hujui? Basi kaa chini, ujibu hili unaloliweza. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale palikuwa na mto wa mchanga. Mvua ikipita, maji yalijificha chini ya mchanga. Kiangazi kikija, wanyama walifukua, fu fu fu, wakanywa.

Mwaka mmoja Mama Ngiri alifukua, fu fu fu. Mchanga ulikuwa umepungua, pua ikagonga mwamba. Ngo! Akasogea. Fu fu. Ngo! Wanawe watatu walikuwa nyuma yake, ndimi nje. Yule mdogo alilia bila machozi.

Mkutano ukaitwa nyumbani kwa Mwenyekiti Kiboko.

"Ndugu wananchi," Kiboko akakohoa, "jua limetuhujumu."

"Kweli kabisa!"

Korongo, msafiri wao, akainua shingo. "Ng'ambo huko wanachuja chumvi, wanakunywa bahari."

"Bahari iko wapi, shemeji?" akauliza Punda Milia.

"Siku tisa kwa mabawa."

"Na kwa kwato?"

Korongo akashusha shingo. Twiga akataka kisima kirefu. "Kirefu kama nani?" wakamuuliza, wakicheka kwa makoo makavu. Kiboko akaunda kamati kubwa, kisha kamati ndogo ya kuichunguza.

Mama Ngiri hakucheka. "Mwenyekiti, tujenge ukuta wa mawe kukatiza mto. Mvua ijayo mchanga utanasa, na maji yatanasa ndani yake. Kwa leo, pale kwenye kona ya mto mchanga umebaki kidogo, na maji yamo. Anayeubeba kupeleka kwake aache."

"Nani anaubeba?" Kiboko akashangaa, kasimama katikati ya ua wake wa mchanga mweupe, laini kama unga.

"Labda upepo," akasema Fisi.

"Upepo!" wakaitikia wote, kila mmoja akitazama miguu yake.

Mama Ngiri akamtazama mwanawe mdogo. Akaikumbuka sebule yake ya mchanga mweupe, inayoonewa wivu na majirani. Akasimama.

"Si upepo. Ni mimi. Nimebeba mwaka mzima, nikatandaza nyumbani, nikawakataza watoto wasikanyage. Maji ya wanangu nimeyafagia mwenyewe kila asubuhi."

Jua halina mikono, ndugu zangu. Kabla ya kutafuta maji ya mbali, tuulizane nani ameyapoteza ya karibu. Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye mchanga uani anajijua.