Mkanda wa Jabali

Kina mama wenzangu, kabla hatujafunga ibada, wekeni simu chini kidogo. Najua kuna walioacha maharage jikoni. Sitawachosha.

Mama mmoja alikuwa na mbwa wa kizungu, wale wakubwa, kichwa kinamfika mtu kiunoni. Jina lake Jabali. Mumewe alimleta baada ya wezi kuruka ukuta, kisha akarudi kazini mkoani, akamwachia mama nyumba, mbwa na binti wa miaka sita.

Kumtembeza Jabali ilikuwa vita. Siku moja aliona kuku, akamburuta mama mpaka mtaroni, kanga huku, kandambili kule. Majirani wakacheka. "Mama, hapo nani anamtembeza mwenzake?"

Mwenyekiti wa mtaa hakucheka. "Huyu akiangusha mtoto wa mtu, ataondoka hapa."

Mama akamtafuta mtu anayefundisha mbwa. Yule akamwambia, "Akivuta, simama. Usimpige, usimpigie kelele. Ukimtia hofu, ipo siku atakuuma. Kamba ikilegea, msifu, mwendelee."

"Na nikichoka?"

"Choka, lakini usimpige."

Mama akashika hilo. Kila asubuhi, Jabali akivuta, yeye anasimama kama nguzo ya umeme. Kamba ikilegea, utamsikia: "Vizuri, baba. Taratibu, baba yangu." Haukupita muda mrefu, Jabali akawa anapita katikati ya kuku kama mzee wa kanisa anayekwenda mbele. Mtaa mzima ukamsifu yule mama kwa subira.

Akirudi nyumbani anamkuta binti hajavaa viatu. "Wewe! Nikuambie mara ngapi?" Kofi. Chai imemwagika, kofi. Hakuwa mkatili, alikuwa amechoka. Humu ndani nani hajachoka?

Asubuhi moja alitoka akamkuta Jabali amelala uani, shingo tupu. Mlangoni amesimama binti, na sare yake ya shule. Mkanda wa mbwa ameufunga shingoni mwake mwenyewe, umebana mpaka ngozi imejikunja. Anamnyooshea mama kamba kwa mikono miwili.

"Unafanya nini wewe?"

"Shika, mama. Sitavuta."

Subirini, bado. Mama alipopeleka mkono kumfungua, mtoto alifumba macho, akajikinga uso. Alidhani anapigwa. Yule mbwa, mkono ule ule ukimjia, alikuwa anatikisa mkia.

Sasa tuambizane ukweli. Sisi tunasema subira imetuishia. Maisha magumu, kazi nyingi, wanaume wako mbali. Nani kasema imeisha? Yule mama alikuwa nayo, tena tele, kila asubuhi, barabarani, watu wakitazama. Alimpa mbwa, kwa sababu mbwa ana meno, na nyuma ya mbwa yupo mwenyekiti. Mtoto ana nini? Atamshtaki nani? Basi tunayempiga ni mkosefu, au ni yule tu asiyeweza kutuuma?

Na sisi wenyewe, tumemvuta Mungu mara ngapi tukikimbilia kuku wetu? Angekuwa na mkono kama wetu, nani angekuwa amekaa hapa leo?

Haya, nendeni mkaangalie maharage. Mtafika nyumbani, mtoto atakuwa hajavaa viatu.

Simama.